Likasi: Gari linalopata moto likisimama

LIKASI – Katika mtaa wa Kikula, dereva mmoja wa taksi alikuwa anaanza kila siku kwa kujaza bidoni mbili za maji. Hayakuwa maji ya kunywa, yalikuwa ya radiateri. Toyota yake ya mitumba, iliyoingia nchini kupitia Kasumbalesa kama nyingi za mji huu, ilipata moto mpaka abiria wakazoea: wakiona mvuke unatoka mbele, wanashuka na kutafuta taksi nyingine.

Hali hiyo ilidumu wiki tatu. Fundi wa kwanza alitoa termostati akaitupa, akisema ndiyo inayozuia maji. Shida haikuisha. Fundi wa pili alisema jwenti ya kulasi imeungua, maana yake kichwa chote cha moteri kifunguliwe. Bei aliyotaja ilikuwa sawa na pesa ya shule ya watoto wawili kwa mwaka mzima. Tena gari si lake. Kila jioni mwenye gari anangoja pesa yake, gari likiwa zima ao bovu. Dereva alikuwa amekwisha kumwambia mke wake kwamba mwaka huu watoto watasubiri.

Jirani akamshauri aende kwanza kwa mzee mmoja aliyefika mtaani pamoja na familia yake. Mzee huyo alikuwa fundi wa magari kule Goma. Alikimbia vita mwezi wa kwanza 2025, akapita Bukavu, Uvira na Kalemie mpaka kwa ndugu yake hapa Likasi. Sanduku lake la vyombo vya kazi lilibaki nyuma.

Mzee hakufungua kitu chochote. Aliuliza tu:

— Mwanangu, inapata moto wakati gani? Ukikimbia ao ukisimama?

Dereva akafikiri. Katika wiki tatu hizo, hakuna aliyemwuliza swali hilo.

— Nikisimama, papa. Barabara ya Lubumbashi, kilomita 120, mshale hausogei. Nikifika sokoni, ao nikikwama nyuma ya malori ya shaba, ndipo unapanda.

— Basi tusianze na kulasi.

Mzee alimweleza sababu. Gari likikimbia, upepo wa njia unapita kwenye radiateri na kupoza maji. Likisimama, upepo huo haupo, na kazi yote inabaki kwa ventilateri. Gari linalopata moto likisimama tu, chunguza ventilateri kwanza. Linalopata moto likikimbia ao likipanda mlima, mara nyingi radiateri imeziba, ao pompi ya maji imechoka, ao termostati imekwama ikiwa imefunga.

Wakawasha moteri na kungoja. Mshale ukapanda, ventilateri ikabaki kimya. Wakazima. Mzee akaazima nyaya mbili, akaunganisha ventilateri moja kwa moja na betri. Ikazunguka vizuri. Kumbe nzima, umeme ndio haukuwa unaifikia. Akafuata waya: fuzi nzima, rele nzima, lakini plagi ya ventilateri ilikuwa imeungua na kuota kutu ya kijani.

Bado ilibaki hofu ya kulasi. Kesho yake asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa, alifungua radiateri, kisha gari likawashwa. Mapovu yasiyokoma yangekuwa alama mbaya. Hayakuonekana. Mafuta ya moteri hayakuwa na rangi ya kahawa ya maziwa, na moshi haukuwa mweupe. Jwenti ilikuwa nzima.

Lakini mpira wa kifuniko cha radiateri ulikuwa umepasuka. Watu wengi wanadhani kifuniko ni cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kazi yake kubwa ni kushika presha, ili maji yasichemke upesi. Likasi iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Hapa maji yasiyo na presha yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Kifuniko kibovu kinafanya maji yaishe kila siku, hata kama chini hakuna tone.

Termostati nayo ilirudishwa. Moteri bila termostati inachelewa kufikia joto lake na inakula mafuta mengi zaidi. Plagi, kifuniko na termostati kwa jumla havikufika hata robo ya bei ya kazi ya kulasi.

Dereva alitaka kwenda Kambove mbio ili kujaribu gari. Mzee akakataa: ugonjwa ulikuwa wa kusimama, basi jaribio ni kusimama. Walikaa nusu saa moteri ikiunguruma. Ventilateri ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mshale ukabaki katikati.

Wasikilizaji wenye magari wakumbuke haya. Mshale ukipanda, zima hewa ya baridi na fungua hewa ya moto mpaka mwisho, inasaidia kutoa joto kwenye moteri. Ukipata mahali salama, simama na uzime. Usifungue radiateri ikiwa ya moto. Maji yanaruka na kuunguza uso. Ngoja nusu saa ao zaidi. Usimwage maji baridi kwenye moteri ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

Wakati wa kulipa, mzee alirudisha sehemu ya pesa.

— Na hii ninunulie spana ya namba 10. Hii niliyotumia ni ya watu.

Dereva alimletea, na siku iliyofuata akamletea rafiki yake mwenye gari lingine. Sasa sanduku jipya la mzee lina spana tatu.