Masika ya Buhemba

Mtu atokaye mjini Musoma kwenda Buhemba hupanda taratibu. Huliacha nyuma yake Ziwa Victoria, ambalo uso wake u mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, akaingia katika nchi ya vilima, mashamba ya muhogo na mtama, na majabali yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, hakiko mbali, na leo Buhemba imo katika wilaya iitwayo kwa jina la kijiji hicho. Lakini Buhemba ina sifa yake yenyewe, nayo ni dhahabu. Tangu zama za ukoloni watu wamekwenda huko kutafuta kilicho chini ya ardhi. Ni wachache waendao kutazama kinachoota juu yake.

Mimi nilikitazama katika masika ya mwaka 2020. Nilikuwa nimefika mwanzoni mwa Machi kumjulia hali baba yangu mkubwa. Tarehe 16 ya mwezi huo ikatangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na kesho yake shule zikafungwa. Serikali haikuwafungia wananchi majumbani. Wengi waliobaki ndani walibaki kwa shauri la jamaa zao. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee. Ujanani alifanya kazi mgodini, na vumbi la mwamba lilimwachia kifua kisichotulia. Ugonjwa ule ulikuwa ukiwaonea zaidi wazee na wenye mapafu mabovu; kwake ungekuta mlango wazi. Wanawe wakakata shauri: Mzee asiende sokoni, asiende kucheza bao na wenzake, wala asipokee wageni. Nami nikabaki kusaidia kazi, pamoja na wajukuu watatu waliokosa shule.

Mtu aliyezoea watu, akikatazwa watu, huugua ugonjwa wa pili. Siku za kwanza Mzee alikaa kitini akisikiliza redio tangu alfajiri, na kila taarifa ilimwongezea unyonge. Alikula kidogo, akajibu kwa neno moja moja. Sisi tuliokiogopa kifua chake tukaanza kukiogopa kimya chake.

Kisha mvua zikashika nguvu. Mwaka ule zilikuwa nyingi mno. Mwezi Mei maji ya Ziwa Victoria yalipanda hata yakafikia kiwango cha mafuriko ya mwaka 1964. Huku vilimani neema ilitangulia. Kumbikumbi walitoka ardhini jioni, watoto wakawakimbilia na mabeseni. Mgagani ukajiotea kando ya zizi. Mboga ya maboga ikatambaa ikafunika kichuguu, na chozi, wale ndege wadogo wa rangi ya kumetameta, wakaja kunyonya maua ya migomba. Asubuhi moja Mzee akauliza jembe liko wapi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua udongo, maana Buhemba si kila udongo ni wa kupanda mboga. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, kisha hutumia zebaki kuinasa dhahabu. Mchanga unaosalia, wauitao marudio, huweza kubaki na sumu hiyo kwa miaka mingi. Mzee alikataa hata karai moja la udongo utokao upande wa machimbo. Tuliinua matuta nyuma ya nyumba kwa samadi iliyooza vizuri, na maji ya siku za jua tuliyakinga kwenye bati. Yeye alikaa kwenye kigoda, wajukuu wakawa mikono yake. Aliwafundisha kuchanganya mbegu za mchicha na mchanga ili zisirundikane, kuzifunika kwa udongo kidogo tu, na kuziondolea nyasi za juu mara zichomozapo. Kunde walizipanda kwa kupima shimo kwa kidole.

Siku moja mjukuu mdogo aliokota jiwe lenye kumetameta, akalileta mbio. Mzee aligeuza jiwe lile juani, akalirudisha. "Hii ni ulanga tu, mjukuu wangu. Endelea kupalilia." Akacheka hata akakohoa, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu shule zifungwe.

Baada ya wiki tatu hivi tulichuma mchicha wa kwanza. Mzee akaagiza mafungu mengine yapelekwe kwa majirani. Mwenzake wa bao akaja kushukuru, akasimama nje ya ua wa minyaa, na tangu siku ile wakawa wanasemezana kwa mbali kila jioni, habari za kunde na za wadudu.

Mwezi Mei akafariki rafiki yake wa tangu mgodini, kwa maradhi aliyokuwa nayo siku nyingi. Kutokwenda kumzika mwenzako ni jambo zito, na Mzee hakwenda. Siku hiyo alishinda bustanini peke yake akipalilia tuta ambalo halikuwa na magugu. Jioni akaomba mboga zichumwe, zipelekwe msibani. Sitasema bustani ilimwondolea huzuni ile. Ilimpa mahali pa kukaa nayo, na kitu cha kumtumia marehemu.

Shule za msingi zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Mvua zilikuwa zimekwisha, na mchicha tuliouacha umekomaa ulikuwa umetoa mbegu. Mzee alizifunga katika vitambaa vitatu, kila mjukuu chake.

Ndugu msomaji, wenye kukaa ndani hawakosekani hata pasipokuwa na korona: mama aliyejifungua, aliyevunjika mguu, mzee asiyeweza tena kupanda kilima. Twawapelekea dawa na uji, na ni vyema. Lakini kiti chao pia tukiweke mahali ambapo jicho litaona jani likikua, na kama mikono yao ingali na nguvu, tuwape mbegu.