Mpagazi Asiye na Kaburi

Kabla sijapanda treni pale Mariakani nilikwisha jua kwamba cheti cha kifo sitakipata. Usajili wa vifo nchini Kenya ulianza 1904, lakini kwa Wazungu tu. Waafrika walifikiwa baadaye sana, na kazi ya kuueneza nchi nzima ilikamilika 1971. Baba yake babu yangu, Mgiriama wa Kaloleni, alipotea katika Vita Kuu ya Kwanza akiwabebea Waingereza mizigo. Nikaona nianzie makaburini.

Nilishuka Voi. Wakati wa vita hapa palikuwa na kambi kubwa, na kutoka hapa ndipo Waingereza walipotandika reli kuelekea Maktau na Taveta ili wawafikie Wajerumani. Makaburi ya wanajeshi yametunzwa vizuri: nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu, na kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe ya kufa. Wengi ni watu wa Afrika Kusini, waliokuja mwanzoni mwa 1916, mwaka ambao wenzao walipigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Nilisoma safu zote, kisha nikamwendea mzee aliyekuwa akipalilia.

"Shikamoo, mzee. Namtafuta mpagazi."

"Marahaba. Wapagazi hawapo hapa, mwanangu."

"Walizikwa wapi?"

"Njiani."

Jibu lake ni fupi kuliko ripoti, ila ripoti yenyewe inamuunga mkono. Tume ya makaburi ya vita iliundwa na Waingereza 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, bila kubagua cheo wala asili. Mwaka 2021 kamati iliyoteuliwa na tume hiyohiyo ilikiri katika ripoti hiyo kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Risasi hazikuwamaliza wapagazi kama walivyomalizwa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, na aliyeanguka alifukiwa pale pale, msafara ukaendelea.

Asubuhi nikaendelea hadi Nairobi. Kutoka stesheni ya mjini nilipitia kwanza Kenyatta Avenue, kwenye sanamu za shaba za watu watatu, mmoja wao mpagazi. Chini ya sanamu hizo pana maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Majina hapana. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Moi Avenue, kwenye jengo la zamani la benki ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa.

Nililipa ada, nikapewa kadi ya mtafiti, nikatoa penseli. Dada wa mapokezi alisikiliza habari zangu zote, kisha akauliza, "Umekuja na jina gani?" Nikamtajia. "Hilo ndilo mnalomwita nyumbani. Karani wa jeshi aliandika nini?" Nikanyamaza. "Na usiombe faili za vifo, kaka. Omba za mishahara."

Hapo ndipo safari yangu ilipogeuka. Jeshi halikujali mpagazi amelala wapi, bali lilijali sana limempa rupia ngapi. Kila mpagazi alivishwa kibati chenye namba, na namba hiyo ikaenda kwenye daftari la malipo. Alipokufa, mshahara wake ulibaki ukidai mwenyewe. Kwa hiyo barua zilisafiri baada ya vita kati ya Nairobi na maboma ya wilaya: tafuteni warithi wa fulani. Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba mtu huyo hafahamiki, kwa sababu jina liliandikwa kwa sikio la mgeni, na fedha nyingi hazikuzifikia familia.

Kumbe ili kumtambua mtu unahitaji mambo matatu: jina lake, jina la babake, na jina la hedimani, yaani mkuu wa kijiji chini ya serikali ya kikoloni, aliyemtoa. Hilo la tatu lina uzito wake kwetu. Baada ya Wagiriama kuinuka 1914, Mekatilili wa Menza akiwa miongoni mwa sauti zao kuu, serikali iliwatoza rupia 100,000 na kuwadai vijana 1,000 wa kufanya kazi ya upagazi. Mahedimani ndio waliosukumwa kuwatoa vijana hao.

Nikatoka nje, nikampigia Baba Mkubwa. Nani alikuwa hedimani wetu? Hakufikiri hata kidogo. "Huyo? Babu yako alimtaja kila alipokunywa mnazi!" Akanipa jina. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: vita vilipokwisha, ndugu wa mpagazi wetu aliitwa bomani kuhusu fedha, akakataa kwenda. Alidhani ni mtego, kwamba naye atachukuliwa.

Nilimshukuru, nikarudi ndani mbio. Kama aliitwa, basi bomani kulikuwa na karatasi, na juu ya karatasi hiyo palikuwa na jina. Nikachukua fomu mpya ya kuombea faili. Palipohitaji maelezo sikuandika tena jina la mpagazi. Niliandika la hedimani aliyempeleka.