Mchwa Hawakuhusika

Stempu ya senti moja ya Marekani, ile ya kijani yenye kichwa cha Benjamin Franklin, imewatia watu wengi wazimu kabla yangu. Ilitolewa Januari 1923, ikachapishwa kwa wingi wa ajabu, na leo ukiwa nayo moja hupati hata bei ya andazi. Lakini ina pacha. Sura ileile, rangi ileile, meno 11 katika kila sentimita mbili, pande zote nne. Ila pacha huyo alipitia mtambo mwingine, na waliothibitishwa duniani ni wachache mno. Mmoja tu ni bei ya nyumba.

Mimi niliamua, bila kuulizwa na mtu, kwamba wa ami yangu ni huyo pacha.

Ami alikwenda kusoma Ohio miaka michache baada ya ile ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa na Tom Mboya mwaka 1959. Alipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Bibi alipoona kijana wa Mombasa anatunza kila bahasha inayomfikia kutoka nyumbani, akamteremshia sanduku la bahasha za kwao, kuukuu, zisizo na barua ndani. Nyingi zilitoka kwa kaka yake, aliyekuwa kuruta katika kambi ya Camp Sherman, karibu na Chillicothe, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ami alirudi nazo, akaziweka ndani ya debe la biskuti, na debe likakaa juu ya kabati hadi macho yake yalipofifia. Ndipo akaniita. “Nitambulie hizi, mwanangu. Kila moja uniandikie ni ipi.”

Kazi hiyo si ya mchezo. Kuanzia 1908 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, Marekani ilitoa stempu zake za kila siku kwa vichwa viwili tu, cha Washington na cha Franklin, tena na tena. Kilichobadilika ni kile kisichoonekana kwa haraka. Meno yalikuwa 12, yakawa 10, yakawa 11. Karatasi ilikuwa na alama ya maji ya herufi USPS, kwanza kwa mistari miwili, kisha tangu 1910 kwa mstari mmoja, na tangu 1916 ikaachwa bila alama. Nyingine zilichapishwa kwa bamba bapa, nyingine kwa bamba lililokunjwa kuzunguka silinda. Unaweza kuwa na Washington kumi wanaofanana kama punje za mtama, na kila mmoja akawa na namba yake katika katalogi ya Scott na bei yake.

Na hapo kwenye bei ndipo nilipoharibikiwa. Mtu mwenye akili huishika stempu kwanza, akahesabu meno, akapima, akatafuta alama, halafu ndipo akafungua katalogi. Mimi nilianzia safu ya bei. Nikashuka nayo kwa kidole hadi nilipofika kwenye tarakimu iliyonikausha koo, nikarudi kwenye debe kumtafuta wa kufanana nayo. Nikamwona Franklin wa kijani.

Bamba likikunjwa, picha iliyochongwa juu yake hunyooka kidogo kuelekea ule upande wa mkunjo. Stempu ya bamba bapa huwa na urefu wa milimita 22 hivi. Yule pacha wa bei mbaya ana 22 na nusu. Tofauti yenyewe ni nusu milimita. Mimi nilipima kwa rula ya shule ya mwanangu, ya plastiki, tena taa ikiwa nyuma yangu, nikapata 22 na nusu. Nilipopima tena nikapata 22. Nikachagua kipimo cha kwanza.

Ami hakuwa mtu wa tamaa, lakini nilimtia tamaa. Alianza kuzungumzia paa lililokuwa likivuja na deni la mtu fulani. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Mwishowe nilimpelekea stempu mkusanyaji mmoja mzoefu. Alichukua stempu ya kawaida ya bamba bapa, iliyokwisha kukatwa umbo la msalaba kwa kazi hiyo, akailaza juu ya yetu. Mistari ya fremu ikaangukiana sawasawa, juu, chini na kando. Akaigeuza, akanionyesha vitone vya wino mgongoni, kitu cha kawaida kwa stempu za bamba bapa. Akanirudishia bila kusema neno. Ami nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa, akasema paa limezoea kuvuja.

Kama maungamo yangeishia hapo nisingejisumbua kuyaandika. Kukosea Franklin ni kosa la chekechea, kila mkusanyaji analo la kwake.

Kabla ya kumpata Franklin nilikuwa nimeshafanya jambo jingine. Alama ya maji haionekani stempu ikiwa bado imegandishwa kwenye bahasha. Huna budi kuibandua, uilaze kifudifudi ndani ya kisahani cheusi na kuidondoshea petroli ya kujazia viberiti. Nikajaza karai maji ya uvuguvugu, nikazitumbukiza bahasha za kuruta zote, zile zenye nembo ya YMCA pembeni. Stempu zikaelea moja moja, Washington wa zambarau wa senti 3. Nilizianika juu ya gazeti. Bahasha zilikuwa zimelowa, wino wa anwani umechuruzika, nikazikunja pamoja na kuzitupa.

Hata kwa kipimo cha ubahili wangu ulikuwa ujinga. Gharama ya barua ilipanda kutoka senti 2 hadi 3 tarehe 2 Novemba 1917, kwa ajili ya vita, ikarudi 2 mwezi Julai 1919. Barua za senti 3 kutoka kambini ni za kipindi hicho, na karatasi ya stempu ilikuwa imeshaacha kuwekewa alama ya maji tangu 1916. Niliziloweka kutafuta kitu ambacho karibu hakika hakikuwemo.

Tena mashine za posta za siku hizo zilipiga mhuri wa sehemu mbili: mistari ya mawimbi juu ya stempu, na duara lenye jina la posta, tarehe na saa kando yake, juu ya bahasha. Mimi nilibaki na mawimbi.

Ami aliuliza bahasha ziko wapi. Nilimjibu kuwa zimeliwa na mchwa. Mchwa, ndani ya debe la bati lenye kifuniko! Alinyamaza, akaomba maji ya kunywa. Sijui hadi leo kama aliniamini, na alifariki bila mimi kumwambia vingine. Tulifanya naye mzaha wa Franklin kila Idi, na mimi nikaufurahia mzaha huo kupita kiasi, kwa kuwa ulikuwa unanifichia.

Mwaka huu binti yake alipata barua kutoka kwa mjukuu wa yule bibi. Familia inazo barua zenyewe, lakini kaka mtu alikuwa akiandika juu yake “Jumapili usiku” au “baada ya gwaride” basi. Wanajua hakurudi. Wanajua pia kwamba homa ya mafua ya 1918 iliua zaidi ya watu elfu moja pale kambini, wengi wao katika vuli ya mwaka huo. Wanataka kuzipanga barua kwa mfuatano, waijue ya mwisho ni ipi, na walisikia kwamba bahasha zilikwenda Afrika na mwanafunzi.

Nimemwambia binti ami ukweli wote, wa karai na wa mchwa. Alikasirika, na ana haki. Kisha akaniuliza kama stempu peke yake zinaweza kusema chochote.

Kidogo zinaweza. Vita vilikata njia ya rangi nzuri za Ujerumani, wino uliopatikana ukawa unakwangua mabamba, na serikali ikaanza kuchapisha baadhi ya stempu kwa ofseti. Senti 3 za zambarau za namna hiyo zilianza kutoka Machi 1918. Za bamba ukizipapasa unasikia wino umeinuka; za ofseti ni laini, na picha yake imefifia kama iliyooshwa. Nimezipanga upya kwa kidole, kwa lenzi na kwa taa ya mbele. Za ofseti ziko saba. Bahasha zao ni za kuanzia Machi 1918, hilo naweza kulitia saini. Zilizobaki ni za bamba, na hizo ziliendelea kuuzwa sambamba na za ofseti, kwa hiyo hazifungi mlango wowote. Kuhusu vuli ile ya mafua sina la kuwaambia. Barua ya Ohio nimeiandika mimi mwenyewe, maana binti ami alikataa kuniandikia.