Jibu la Swali la Nne

Mwaka 1987, nikiwa mkufunzi wa Historia katika chuo kimoja cha ualimu, niliwapa wanachuo wangu jaribio la historia ya Ulaya na Marekani. Swali la nne liliuliza kwa nini Napoleon aliiuzia Marekani nchi ya Louisiana mwaka 1803. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulikuwa na hoja mbili tu: Ufaransa ilihitaji fedha, na vita na Uingereza ilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimezitoa katika daftari langu la zamani, nami nilizinakili humo kutoka ubaoni kwa mwalimu wangu.

Karatasi nyingi zilileta hoja hizo hizo, nyingine hata kwa makosa yale yale ya tahajia. Nilifurahi, maana kazi ilikwenda upesi. (Aliyewahi kukesha na rundo la karatasi mbele ya taa ya chemli atanielewa.) Binti mmoja mkimya wa kiti cha nyuma peke yake aliandika kwamba Louisiana iliuzwa kwa sababu watumwa wa Haiti walikuwa wamewashinda Wafaransa. Nikapiga mkasi. Sifuri.

Alinifuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kujua kosa langu."

Nikamwambia akasome notisi. Akasema ahsante, akatoka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kuwa mkuu wa shule, nilipata kitabu kuhusu Haiti. Wafaransa waliiita Saint-Domingue, koloni lililowatajirisha kwa sukari na kahawa. Napoleon alipeleka jeshi huko chini ya shemeji yake, Jenerali Leclerc. Toussaint Louverture alikamatwa mwaka 1802, akafia gerezani Ufaransa Aprili 1803. Lakini wenzake hawakuweka silaha chini, na homa ya manjano ikawafyeka askari, Leclerc mwenyewe akiwamo. Louisiana ilikusudiwa kuwa ghala la kulilisha koloni lile; koloni likiponyoka, ghala la nini? Ikauzwa kwa dola milioni 15, mwezi ule ule wa Aprili. Januari 1, 1804 Haiti ikatangaza uhuru.

Fedha na vita vilikuwamo pia, sikatai. Ila katika mwongozo wangu, mimi Mwafrika, sikuwaweka Waafrika waliopigana.

Nilimwandikia yule binti kwa anwani ya shule aliyopangiwa kwanza. Barua ilirudi. Ninayo bado, ndani ya daftari lile lile.