Majani Sita

Kosa langu nililifanya mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekausha hata nyasi za kando ya barabara. Mama mmoja wa upande wa Lwandeti aliniita nikamwangalizie mihogo. Nilikuwa nimeshastaafu kazi ya ugani, lakini hapa Matete afisa wa kilimo hastaafu. Watu wakikuona na gambuti wanakuita tu. Nilifika, nikashika jani la juu la shina la kwanza, nikaona lina mabaka ya manjano na limejikunja. La pili sikuligusa. "Mama, hii ni batobato. Ng'oa yote uchome."

Akang'oa, nami nikamsaidia. Robo ekari nzima.

Mvua za masika ziliponyesha, jirani yake, mwenye mihogo ya mbegu ile ile na mabaka yale yale, ila yeye hakuniita, aliona mihogo yake ikitoa majani mapya, safi kabisa. Kumbe ulikuwa utitiri wa kijani, vidudu vinavyonyonya majani wakati wa kiangazi na kupungua mvua zikianza. Batobato ni ugonjwa wa virusi, hauondoshwi na mvua. Yule mama hakunisema kwa mtu. Tukikutana sokoni alinisalimu, "Habari ya asubuhi, afisa," kisha akashika njia yake. Afadhali angenitukana.

Si kwamba sikujua kazi. Pengine niliijua kupita kiasi. Miaka ya 1990 batobato kali iliingia magharibi mwa Kenya kutoka Uganda, ikibebwa na nzi weupe na pingili ambazo majirani hupeana kwa wema. Familia nyingi ziliacha muhogo kabisa. Mbegu ya Migyera ilipokuja, nayo pia kutoka Uganda, tuliigawa kijiji kwa kijiji na kupokewa kama wakwe. Mtu aliyepitia hayo huona batobato kila mahali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nilikuwa nashtukia unyasi wa watu wengine.

Mpwa wangu, anayesoma chuo Kakamega mjini, ndiye aliyeniletea habari ya Nuru. Ni programu ya simu iliyotengenezwa na PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, shirika la FAO na wengineo. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia inaona dalili za ugonjwa gani. Haihitaji intaneti, na hilo kwetu si jambo dogo, kwa kuwa kuna mashamba ambayo ukitaka mtandao sharti upande kichuguu. Nilimwambia simu yake aiweke mfukoni. Nimeshika majani ya muhogo tangu mama yake hajaolewa.

Hakubishana nami. Alinisomea utafiti.

Ulichapishwa mwaka 2020 na ulifanyika hapa Afrika Mashariki. Watafiti waliishindanisha Nuru na wataalamu wa muhogo, maafisa wa ugani na wakulima, kila mmoja atambue batobato, ugonjwa wa michirizi ya kahawia na madhara ya utitiri wa kijani. Wakulima walipata kati ya asilimia 18 na 31. Simu ilipata 65. "Na maafisa wa ugani?" nikauliza, nikijua kwamba swali hilo ndilo alilokuwa akilingojea. Kati ya 40 na 58, mjomba.

Nilinyamaza. Shuleni kwetu 40 ilikuwa alama ya kuitiwa mzazi.

Lakini aibu siyo iliyonibadilisha. Kulikuwa na sehemu nyingine ambayo nilimwomba airudie mara mbili. Simu yenyewe, walipoipa majani sita ya mmea mmoja shambani, ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Mashine ni ile ile na ugonjwa ni ule ule. Kilichoongezwa ni majani tu. Nikakumbuka jani langu moja kule Lwandeti, na robo ekari iliyoteketea kwa ajili yake.

Lipo jingine katika utafiti huo ambalo wanaoisifu teknolojia huliruka. Maafisa waliotumia Nuru kwa wiki mbili waliongeza ujuzi wao kidogo tu. Nawaheshimu watafiti kwa kuliandika. Mimi nimekaa na simu hiyo misimu mitatu na najua kwa nini ilikuwa kidogo. Mwanzoni macho huifuata simu. Unaielekeza, inasema, unaitikia, unaondoka, na hujajifunza kitu. Nilianza kujifunza nilipoanza kuandika kwanza. Ninalo daftari la kurasa mia moja lenye safu mbili: "Mimi" na "Simu". Nashika majani sita, naandika ninachoona, ndipo natoa simu. Tukipatana, nasonga mbele. Tukitofautiana, naanza upya: nageuza jani na kutafuta utitiri kwa lenzi, nainama kukagua majani ya chini yaliyokomaa, kwa maana michirizi ya kahawia huanzia huko na batobato hupenda majani machanga ya juu. Sitasema ni mara ngapi nimekuwa sahihi mimi. Nitasema tu kwamba kurasa zenye mabishano ndizo zilizochafuka udongo.

Mpwa wangu ana utafiti mwingine, na huu unamkera yeye kuliko mimi. Wafanyabiashara wadogo wa Kenya 640 walishirikishwa katika jaribio la mshauri wa akili unde kwenye WhatsApp. Kwa wastani hakukuonekana tofauti ya matokeo ya biashara kati ya waliompata mshauri huyo na wasiompata. Lakini ndani ya wastani huo, waliokuwa tayari wakifanya vizuri walipanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 15, na waliokuwa wakisuasua walishuka kwa karibu 8. Yeye anaona mashine imewaonea maskini. Mimi nimegawa ushauri miaka thelathini na sikushangaa. Waambie watu wote watie mbolea ya DAP: mwenye udongo mzuri atakuletea kuku, na mwenye udongo uliokwisha kuwa na asidi atabaki na deni. Ushauri hauoni unapoangukia. Anayeona ni yule anayesimama pale, kama anajua cha kutazama.

Mwaka jana nilikwenda kwa yule mama, nikamwambia kwamba nilikosea na kwamba nataka kumlipa kwa mbegu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniwekea chai. "Mbegu nitachukua," akasema, "lakini tutakwenda wote."

Tulipanda boda hadi shamba la mtu mmoja anayeuza pingili. Mihogo ilikuwa ya kupendeza. Nilikagua mashina kumi, majani sita kila shina, ya juu na ya chini. Safu yangu: safi. Safu ya simu: safi. Nilimgeukia nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata hesabu. Yeye alikuwa akimwomba mwenye shamba amuuzie shina moja, aling'oe mwenyewe. Aling'oa, akatoa kisu ndani ya leso, akakata muhogo vipande. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, kama kizibo cha chupa.

Michirizi ya kahawia huweza kuozesha mzizi huku majani yakiwa hayaonyeshi kitu. Mimi hilo nalijua, nimelifundisha. Ugonjwa wenyewe ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936 kutoka Amani, Tanganyika, na tangu hapo wakulima huufahamu vizuri zaidi siku ya kuvuna.

"Simu yako haina kisu, afisa," akasema.

Tulirudi bila pingili, nauli nikalipa mimi. Nyumbani nilichukua rula nikachora safu ya tatu. Jumanne tunakwenda shamba jingine, na kisu atakuja nacho yeye.