Trekta Ndogo, Matope ya Mbale na Franga za Kikundi

Kikundi chetu cha akiba kule makazini kimefikisha pesa ya kununua trekta ndogo iliyotumika. Tumechanga misimu minne, wengine kwa kuuza mahindi, wengine kwa kuuza hata mbuzi wa mwisho. Mimi naishi Jinja, nafanya kazi kwenye karakana ya matairi, kwa hiyo wenzangu wameniambia: "Wewe chagua, mambo ya mupira unayajua." Nimekubali. Ila sitaki kuchagua kimyakimya. Naandika hapa ili kila aliyechanga asome sababu, na ninyi wenzetu wa mashirika msome pia, maana trekta zingine huja kwa mikono yenu.

Mtu akinunua trekta huangalia injini. Anasikiliza mlio, anatazama moshi, anauliza nguvu za farasi. Matairi anayaangalia mwisho, akitaka kujua tu kama ni mapya au ni vipara. Lakini nguvu yote ya injini inapita pale tairi linapogusa udongo. Pale pakiteleza, unachoma dizeli bure.

Matairi ya trekta ndogo yana familia zake, na jina limeandikwa ubavuni. R-1 ni tairi la shamba: meno marefu yaliyopangwa kama herufi V, yenye nafasi pana katikati. R-2 ni ndugu yake wa mpunga, meno yake yana kina karibu mara mbili. R-3 ni la nyasi, la viwanja vya mpira na bustani za hoteli. Meno ni mafupi ili lisijeruhi majani. R-4 ni la kazi za ujenzi: meno mapana na mafupi, ubavu mgumu, linavumilia mawe, lami na mizigo ya koleo la mbele. Yote manne ni matairi mazuri. Swali ni udongo gani, na kazi gani.

Mimi jibu nililiona barabarani, kati ya Jinja na Mbale. Bosi wetu hututuma kwa wakulima wa upande huo. Ukitoka Jinja unaona udongo mwekundu wa Busoga na miwa ya Kakira. Ukavu ukiwapo, udongo ule unashika vizuri, hata tairi la meno mafupi linaenda. Ukipita Iganga unakata kushoto Nakalama, unashika barabara ya Tirinyi, unapita Namutumba hadi Kamonkoli, na ardhi inashuka. Huko ni mabonde ya mpunga, maji ya mto Namatala, na upande wa Butaleja kuna mradi wa Doho unaonyweshwa na mto Manafwa. Mvua za Machi hadi Mei zikianguka juu ya mlima Elgon, bonde lote linalainika. Mimi ni mtoto wa bonde la Ruzizi, matope ya mpunga nayajua tangu utotoni, lakini nilikuwa sijawahi kuyaona yakiishinda mashine.

Karibu na Mbale tuliitwa kwenye trekta ya msaada. Shirika lililoileta silitaji, nia yao ilikuwa njema. Trekta ilikuwa mpya, inang'aa, na matairi yake ya R-4 hayakuwa hata na mkwaruzo. Ilikuwa imezama hadi ekseli. Meno mafupi yalikuwa yamejaa tope, gurudumu limekuwa laini kama ndizi iliyomenywa. Mzee mmoja wa kikundi kile aliniambia: "Mwanangu, tulifanya sherehe ya kuipokea. Sasa tunalima kwa ng'ombe." Msimu ule majirani walipanda mapema, wao walichelewa. Hakuna aliyeiba wala aliyeharibu kitu. Hakuna tu aliyeuliza habari ya udongo.

Sasa turudi kwenye trekta yetu. Muuzaji anayo moja tu, na anatupa uchaguzi wa seti mbili: R-4 mpya, au R-1 zilizotumika ambazo meno yake bado ni marefu. Bei inakaribiana. Kwenye simu ya mkutano vijana walitaka R-4. Hoja yao si ya kitoto: kulima ni wiki chache, lakini kuvuta tela la mahindi, maji na matofali ni kazi ya mwaka mzima, na R-1 zikikimbizwa kwenye lami au murramu ngumu zinalika haraka. Kweli kabisa. Tairi la R-1 barabarani linatetemeka na meno yanaisha.

Mama mmoja akauliza: "Hiyo mahindi mutabeba, italimwa na nani?" Watu walicheka, lakini hesabu yake ndiyo niliyoishika. Viwanja vyetu vya makazini ni vidogo, havihitaji trekta. Tunakodi ardhi kwa wenyeji, karibu na kinamasi, na kodi tunalipa kwa msimu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kuna siku chache za kulima na kupanda. Tukikwama siku hizo, kodi imekwenda, na tela halitakuwa na cha kubeba. Kwa hiyo ninapendekeza R-1. R-2 tungeichukua kama tungelima mpunga ndani ya maji. Kwetu ni mahindi na maharage, na R-2 juu ya ardhi kavu inasumbua zaidi ya R-1.

Yapo mambo manne ya kukagua kabla ya kulipa.

La kwanza, umri. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya kiwanda, kama zimeandikwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019. Kisha angalia nyufa kati ya meno. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na mpira wake umekauka kwa jua.

La pili, vipimo. 9.5-24 maana yake upana inchi 9.5, rimu inchi 24. Kama trekta inavuta kwa magurudumu yote manne, matairi ya mbele na ya nyuma yamepigiwa hesabu pamoja. Ukibadilisha ya nyuma kwa saizi nyingine na ya mbele ukayaacha, yanaanza kupingana na gia zinaumia. Fundi akikwambia "hii inaingia tu," mwulize inaingia wapi: kwenye rimu, au kwenye hesabu ya gia?

La tatu, mwelekeo. Ubavuni kuna mshale. Trekta ikienda mbele, ncha ya V ndiyo iguse ardhi kwanza; hapo tairi linajisafisha, tope linasukumwa pembeni. Likifungwa kinyume, linabeba tope lake lenyewe.

La nne, uzito. Trekta ndogo ni nyepesi, na meno bila uzito hayazami. Vitabu vya nchi za baridi vinasema weka maji yenye chumvi ndani ya tairi ili yasigande. Kwetu hakuna barafu, maji matupu yanatosha. Weka valvu juu kabisa, jaza maji hadi usawa wake, ambayo ni kama asilimia 75 ya tairi, kisha malizia kwa upepo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ila kwenye mteremko, uzito huo hauzuii trekta kupinduka. Huko panua nafasi kati ya magurudumu, na pale pakali sana mwachie ng'ombe.

Tukiwa na trekta shambani, kipimo chake ni chaki. Chora alama kwenye tairi la nyuma, endesha plau ikiwa juu, hesabu mizunguko 10, weka kijiti mwanzo na mwisho. Rudia umbali uleule plau ikiwa ardhini. Ikipata mizunguko 11 au 11 na nusu, ni sawa. Ikifika 13 au 14, ongeza uzito, au punguza kina cha plau, au subiri udongo ukauke kidogo.

Ndugu wa mashirika, kabla ya kuagiza trekta, nendeni shambani siku ya pili baada ya mvua, mkiwa na viatu vya kuchafuka. Waulizeni wanaolima pale maji husimama wapi, na siku ngapi.

Na kwetu sisi wa kikundi: kuvuta tela kuwepo, lakini mwendo wa polepole, na sehemu ya kila nauli iwekwe kando kwa ajili ya matairi yajayo. Presha ya shambani ni ndogo kuliko ya barabarani, yote ndani ya kiwango kilichoandikwa. Kwa hiyo tununue pampu na kipimo cha presha siku ileile ya trekta. Kipimo nashauri akae nacho mweka hazina, pamoja na daftari.