Kabla ya Kugawa au Kuuza Kiatu cha Mtoto, Pima Mguu

Mmezoea kunisoma hapa nikiandika juu ya mbegu, chanjo ya kuku wa kienyeji na bei ya dagaa. Leo naandika juu ya viatu vya watoto. Msidhani nimeacha kazi yangu. Jambo hili lilinifundisha kosa ambalo sisi maafisa ugani hulifanya mara nyingi, na wafanyabiashara wenye meza za viatu watapata humu kitu cha kuwasaidia Januari.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja wageni na maboksi ya viatu vya kugawa bure kwa wanafunzi wa shule moja ya msingi huku kwetu, upande wa Butimba. Kwa kuwa mimi nazunguka kaya kwa kaya, niliombwa kuandaa orodha ya watoto wenye uhitaji. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo. Niliandika jina, darasa, jinsia, jina la mzazi na mtaa. Orodha ilikuwa safi, na nilisifiwa.

Siku ya kugawa ikafika. Maboksi yakafunguliwa, na hapo ndipo tulipogundua kwamba viatu vingi vilikuwa vya namba mbili tu. Wakubwa hawakuweza kuingiza vidole, na wadogo walivivaa vikawa vinapiga makofi kwenye visigino. Lakini wageni walikuwa wanangoja, picha zilitakiwa kupigwa, na sisi watu wazima tukawa tunasema, "Vaa tu mwanangu, kitaachia." Kila mtoto akaondoka na kiatu.

Baada ya wiki mbili hivi nilipita kwenye kaya moja kuangalia mahindi. Nikamkuta binti wa darasa la nne amekaa nyumbani saa nne asubuhi. Kisigino chake kilikuwa kimevimba. Malengelenge yalipasuka, yakaingia uchafu, yakatunga usaha. Alikuwa amevaa kile kiatu kila siku kwa sababu aliambiwa ni zawadi, na zawadi haikataliwi. Mama yake alishampeleka zahanati. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole tu:

"Bwana shamba, kila msimu unatufundisha mahindi ni sentimita 75 kwa 30, na ukija unapima kwa kamba. Mguu wa mwanangu mbona hukuupima?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Nilikuwa na futi kamba mfukoni siku ile nilipoandika jina la binti yake.

Yuko na mwingine aliyeumia, ingawa hakuwa na kidonda. Kuna mama anauza viatu vya watoto na ndala kando ya barabara. Alikuwa amekopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, akaleta mzigo wa viatu vyeusi vya shule, akitegemea shule zikifunguliwa atauza na kurudisha. Viatu vya bure vikaja wiki ileile. Wazazi wakasema watoto tayari wana viatu, hata wale ambao viatu vyao havikuwaenea. Mzigo wake ukalala mezani miezi mingi, na marejesho hayangoji.

Tangu hapo nilianza kusoma ili nielewe wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje kazi hii ya viatu vya watoto na jamii. Nilikuta visa viwili vyenye somo.

Kisa cha kwanza kilianzia kwa jirani zetu, Nairobi, mwaka 2007. Mmarekani mmoja kijana, Kenton Lee, alikuwa akijitolea kwenye kituo cha watoto yatima. Siku moja, wakitembea njiani, alimwona msichana mdogo aliyevaa gauni jeupe. Alipotazama chini aliona viatu vyake ni vidogo mno, hata vimekatwa mbele ili vidole vipate kutoka. Akajiuliza: kwa nini kiatu kisikue pamoja na mtoto?

Yeye hakuwa fundi viatu. Aliporudi kwao alipeleka wazo kwa kampuni kubwa za viatu, hazikulichukua. Mwishowe yeye na wenzake walipata kampuni ndogo ya ubunifu iliyokubali kukaa nao na kuchora. Kilichotoka ni sandali inayoitwa The Shoe That Grows, yaani kiatu kinachokua. Soli yake ni ngumu kama ya tairi. Ina vifungo vya kuongeza nafasi mbele, pembeni na nyuma, hivyo kiatu kimoja hupita namba tano na kinaweza kumfaa mtoto kwa miaka kadhaa. Shirika lao linaitwa Because International. Watu na mashirika hununua viatu hivyo na kuvipeleka kwa watoto katika nchi mbalimbali.

Angalia vizuri somo lililomo. Watu wengi walikuwa wamewaona watoto wasio na viatu vizuri na kuwaonea huruma. Yeye alitazama mguu. Akaona kwamba shida ya yule mtoto ilikuwa mguu kukua na kiatu kubaki palepale. Kumpa kiatu kingine cha namba moja kungekuwa kurudia tatizo baada ya mwaka.

Kisa cha pili ni cha kampuni ya TOMS ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2006. Utaratibu wao ulijulikana dunia nzima: ukinunua jozi moja, mtoto mwenye uhitaji anapewa jozi nyingine bure. Mamilioni ya viatu yaligawiwa, yakiwemo huku Afrika. Kwa heshima yao, walikubali wachunguzi wa chuo kikuu wapime matokeo. Utafiti ulifanyika El Salvador, Amerika ya Kati, na matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 2014. Ulionyesha kwamba madhara kwa wauza viatu wa pale yalikuwa madogo, kama jozi moja isiyouzwa kwa kila jozi ishirini zilizogawiwa. Lakini ulionyesha pia kwamba watoto waliopewa viatu walizidi wenzao katika kusema kwamba mahitaji ya familia zao yanapaswa kuletwa na watu wengine.

Kampuni haikuficha hayo. Ilianza kutengeneza baadhi ya viatu katika nchi zenye wapokeaji, zikiwemo Ethiopia na Kenya, ili kazi ibaki huko. Mwaka 2019 iliuacha ule utaratibu wa jozi kwa jozi na kuanza kutoa sehemu ya faida yake kwa mashirika ya jamii.

Jozi moja kati ya ishirini ni hesabu ndogo ukiwa mbali. Lakini yule mama wa barabarani ana meza moja na Januari moja kwa mwaka. Ndiyo maana nasema mgawo wowote lazima uanze kwa kuuliza: hapa kijijini nani anauza viatu, na nani anavishona?

Sasa niwaeleze tulichofanya sisi. Mwaka uliofuata nilirudi shuleni, nikawaomba walimu radhi, kisha nikaomba kipindi kimoja cha hisabati. Kila mtoto alisimama juu ya kipande cha boksi, mwenzake akachora mguu wake kwa penseli. Wakapima urefu kwa rula, wakaandika jina na sentimita. Halafu mwalimu akawaachia kalamu za rangi, kila mmoja achore kwenye mguu wake kiatu anachokitaka. Kulikuwa na viatu vyenye samaki, vyenye mawe ya Mwanza, na kimoja chenye mabawa. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi nzima ya viatu mtoto kuulizwa kitu.

Vile vipande vya boksi tulivipeleka kwa fundi viatu. Alicheka alipoviona. Akasema, "Hivi ndivyo marehemu baba alivyokuwa akipima wateja, mguu juu ya boksi." Kwa watoto 41 wa kaya ngumu zaidi alikata sandali za soli ya tairi, katambuga, akaweka mkanda wa nyuma wenye matundu manne ili uongezwe mguu ukikua. Rangi za mikanda alizifuata kutoka kwenye michoro yao. Wazazi walichangia shilingi 500 kwa wiki kupitia kikundi, na kilichopungua kilijazwa na wafanyabiashara wachache wa samaki. Yule mama wa barabarani tulimpa nakala ya vipimo vya wanafunzi wengine wote. Safari hii alikwenda mjini akijua anatafuta namba gani.

Sikusema kazi ilikwenda bila kasoro. Mikanda ya jozi sita ilikatika mwezi wa kwanza. Lakini fundi yuko palepale, alizishona siku hiyohiyo. Kiatu cha mbali kikikatika hutupwa.

Sasa twende kwenye vipimo, chukua kalamu.

Kwanza, mpime mtoto jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kutembea mchana. Asimame wima, uzito wote miguuni. Chora mguu juu ya karatasi, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote. Pima miguu yote miwili, ufuate mrefu zaidi.

Pili, ongeza sentimita moja na nusu ya nafasi. Jumla yake izidishe kwa moja na nusu, utapata namba ya kiatu kwa hesabu ya Ulaya, ambayo ndiyo iko kwenye viatu vingi vya sokoni. Mfano: mguu wa sentimita 20, ongeza 1.5 ni 21.5, zidisha kwa 1.5 ni kama 32. Mguu wa sentimita 16 ni namba 26, wa 18 ni namba 29, wa 22 ni namba 35. Kwa kifupi, kila sentimita mbili ni namba tatu. Hata hivyo viwanda hutofautiana, kwa hiyo nenda dukani na kipande cha boksi, ukiingize ndani ya kiatu uone.

Tatu, mguu wa mtoto wa shule ya msingi hukua karibu sentimita moja kwa mwaka. Ukimnunulia kiatu cha kukulia, usizidishe zaidi ya namba moja na nusu au mbili. Ukizidi hapo ukajaza vitambaa mbele, mtoto atajikwaa kwenye haya mawe yetu.

Nne, mfanyabiashara, pita shuleni Novemba, kabla watoto hawajafunga. Omba mwalimu akuruhusu kupima, hata madarasa mawili. Usinunue katoni kwa kukisia, maana namba zisizotoka ndizo zinazokula mtaji.

Tano, mtu akija na viatu vya kugawa, mshukuru, kisha mpe orodha yenye sentimita. Mwombe sehemu ya fedha iende kwa fundi wa hapa na kwa muuza viatu wa hapa. Wengi wana nia njema, hawajaambiwa tu.

Na tusisahau kwa nini tunahangaika. Mabuu ya minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo kutoka kwenye udongo wenye kinyesi, na minyoo hiyo hunyonya damu ya mtoto hadi anasinzia darasani. Funza nao huingia kwenye vidole, hasa kiangazi penye vumbi. Msumari na mwiba vinaweza kuleta pepopunda. Kiatu kinachoenea kinapunguza hayo yote. Ila niseme wazi kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria: kiatu hakizuii kichocho. Kichocho hupenya popote ngozi inapogusa maji yenye vimelea, kwa hiyo mtoto aliyevaa sandali akacheza kwenye maji ya ufukweni bado yuko hatarini. Choo na dawa zinazotolewa shuleni bado vinahitajika.

Yule binti alipona. Kovu limebaki kwenye kisigino, na kila nikimwona naliona. Mama yake bado ni mkulima wangu wa mfano. Msimu uliopita, nilipofika shambani kwake na kamba yangu, alinisalimia "Mwadila, bwana shamba," kisha akanyoosha mkono akaniomba ile kamba. Nikadhani anataka kupima mistari. Akamwita mtoto wake mdogo anayeanza darasa la kwanza, akamsimamisha pale kwenye udongo na kumpima mguu mbele yangu. Sentimita 17.

Nimeiandika kwenye daftari langu, chini ya nafasi ya mahindi.